Kuchonga Rolls-Royce 100EX kwa mninga na mtiki

Anza na tairi. Usianze na pua, wala taa, wala ile sanamu ya mwanamke mdogo mwenye mabawa anayesimama juu ya boneti. Chukua bikari, chora duara lenye kipenyo cha sentimita 4, kisha chora jingine juu yake, yagusane. Hapo umeshapata kimo cha gari. Kila utakachofanya baadaye kinategemea maduara hayo mawili, na vijana niliowafundisha ambao gari lao lilitoka kama sanduku la viatu ni wale walioiruka hatua hii.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Chang'ombe hapa Dodoma, natengeneza vitanda, makabati na milango. Magari ya mbao nachonga jioni na Jumapili, na hili la 100EX nimeshalichonga mara kumi na moja. Miaka ile serikali ilipohamia Dodoma, mteja mmoja aliyetoka Dar es Salaam aliniletea kabati la vyombo nilitengeneze miguu. Ndani kulikuwa na glasi zimefungwa kwa kurasa za jarida la magari. Nikakunjua ukurasa mmoja, nikaona gari limepigwa picha kwa nyuma, na pale ambapo gari jingine lingekuwa na bati, hili lilikuwa na mbao. Mbao kabisa, zimepangwa kwa mistari kama sitaha ya chombo cha baharini. Nilimwomba mteja ule ukurasa, akasema chukua tu fundi. Uko ukutani mpaka leo, umeingia vumbi la msasa lakini mbao bado zinaonekana.

Gari lile ni la maonyesho. Rolls-Royce walilitoa Geneva, Uswisi, Machi 2004, mwaka wa 100 tangu Charles Rolls na Henry Royce wakutane katika hoteli moja ya Manchester. Herufi EX ndizo wanazoyapa magari yao ya majaribio, desturi waliyoianza mwaka 1919. Gari la namna hii haliundwi ili liuzwe. Linaundwa ili watu walitazame, na wenye kiwanda wajue fikra ipi ina nguvu na ipi iachwe. Mle ndani walitia injini ya silinda 16 yenye lita 9, na hiyo haikufika kwa wateja. Ila umbo lilifika. Januari 2007 walitoa Phantom Drophead Coupé, gari la kuuzwa, na ukiyaweka mawili hayo pamoja huhitaji kuambiwa nani kamzaa nani. Mtoto alipewa silinda 12 na lita 6.75, lakini akarithi milango, akarithi metali isiyopakwa rangi, na akarithi sitaha ya mtiki.

Ndiyo maana vipimo vyetu tunavichukua kwa huyo mtoto. Urefu wake ni milimita 5,609, upana 1,987, kimo 1,581, na toka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma ni 3,320. Gawanya vyote kwa 20. Unapata gari la sentimita 28 kwa urefu, 10 kwa upana, kimo 7.9, na 16.6 kati ya vituo vya tairi. Tairi la kweli lina kipenyo cha karibu sentimita 79, kwa hiyo letu ni 4. Sasa angalia mwenyewe: 79 mara mbili ni 158, na kimo cha gari ni 158. Hiyo si bahati. Wachoraji wa Rolls-Royce wamekuwa wakiishika kanuni hiyo tangu zamani, kwamba tairi liwe nusu ya kimo cha gari.

Usiniamini mimi, toka nje na futi yako. Nilipima IST ya jirani aliyekuja kuchukua stuli zake: kimo kilifika karibu tairi mbili na nusu. IST ni gari zuri, linabeba familia na magunia, lakini limepewa mwili mrefu juu ya tairi ndogo kwa sababu linataka nafasi ya watu. Gari la 2004 halikubanwa na hilo. Likapewa tairi kubwa, mwili ukalala juu yake, na jicho lako linaamini ni la thamani kabla hujaona nembo. Kijana wangu wa kwanza alikuwa anabishana nami kila siku kuhusu hili. Alitaka aweke tairi za sentimita 3 kwa kuwa tayari alikuwa na mpini wa unene huo wa kukatia. Nikamwachia. Alipomaliza aliliweka mezani, akalitazama kimya, kisha akasema, "Fundi, mbona kama limefulia?" Tukazing'oa, tukaweka za 4, na mwili ni uleule.

Kwenye karatasi yako, baada ya maduara, piga mstari wa ardhi, kisha panga vituo vya tairi kwa 16.6. Mbele ya tairi la mbele acha 4.4 tu kutoka kwenye kituo. Nyuma acha 7. Pua fupi mbele ya tairi, boneti ndefu nyuma yake, na mkia mrefu: hiyo ndiyo sura yake. Kioo cha mbele kisimame karibu na katikati, wala kisilale sana.

Uko mstari mmoja wa chini ambao wengi hawauoni. Unapita ubavuni chini ya milango. Ukiutazama haraka utadhani uko sambamba na ardhi, lakini hauko. Unatokea chini huku nyuma, unapanda taratibu kwenda mbele, kama dau linaloinua pua likiwa limeshika upepo. Gari limesimama lakini unaona kama linajiandaa kuondoka. Chora mstari huo kwa mkono, usitumie rula, na upandishe kwa milimita 3 hivi toka tairi la nyuma hadi la mbele. Ukipandisha 5 umeshaharibu, gari litaonekana limebebwa na jeki.

Mbao sasa. Mwili nachonga kwa mninga. Haukatai patasi, hautanuki na kusinyaa hovyo, na rangi yake ya kahawia inakubali vanishi vizuri. Sitaha lazima iwe mtiki. Najua utaambiwa upake rangi mbao za paina zifanane, lakini usifanye hivyo. Gari hili liliniita kwa sababu ya mtiki, na sababu ya wao kuuchagua ndiyo sababu ya mimi kuupenda. Mtiki una mafuta yake ndani, maji hayauingii kirahisi, ndiyo maana mabaharia wameulaza kwenye sitaha zao kwa karne nyingi. Rolls-Royce walisema wazi kwamba walipochora gari lile la 2007 walikuwa wanatazama mashua za mashindano za miaka ya 1930, zile ndefu za matanga zinazoitwa J-Class. Paa la turubai likikunjwa linazama nyuma ya viti, na mfuniko unaolifunika ndio huo wa mtiki. Kwa hiyo mbao ziko mahali palepale ambapo kwenye mashua nahodha angesimama.

Na mtiki si mgeni kwetu. Asili yake ni Asia, lakini umepandwa huku tangu enzi za Wajerumani, na leo unao Longuza kule Muheza, unao Mtibwa, unao bonde la Kilombero. Dodoma unapata vipande kwa mafundi wanaotengeneza milango. Omba mabaki. Kipande cha sentimita 15 kwa 10 kinatosha gari moja na kubaki.

Hapa nikuambie lililonipata. Gari langu la kwanza nililigundisha mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa mtiki niliouziwa na muuzaji mmoja akaniapia kuwa ni mkavu. Likatoka zuri sana, nikaliweka kwenye rafu. Ilipofika Agosti, upepo wetu wa hapa unavuma mchana kutwa na ngozi za mikono zinapasuka, nikakuta sitaha imeachana na mwili kwa nafasi ya kuingiza ukucha, na ufa mmoja umepita katikati ya mbao mbili. Mbao ilikuwa bado ina maji ya huko ilikotoka. Dodoma ikayanywa yote.

Tangu siku hiyo mbao yoyote inayotoka Tanga au Morogoro inakaa karakana miezi mitatu kabla sijaigusa, imesimamishwa kwa ubavu, haigusi sakafu ya saruji, hewa inapita pande zote. Kama huna mizani ya kuona uzito wa mbao ukipungua, tumia hii: pima upana wa kipande kwa kalipa au rula nzuri, andika kwa penseli juu yake pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili. Upana ukiacha kubadilika mara mbili mfululizo, mbao imeshazoea mji.

Kukata. Tengeneza bloku la mninga lenye sentimita 28.5 kwa 10.5 kwa 6. Sita zinatosha kwa sababu chini kuna nafasi ya tairi na juu kuna kioo. Bandika mchoro wa ubavuni kwenye ubavu, na mchoro wa kutazama toka juu ubandike juu. Kata ubavu kwanza kwa msumeno wa mkanda, au msumeno wa mkono kama una subira. Vile vipande vilivyodondoka usivitupe! Virudishe mahali pake, vifunge kwa selotepu, bloku liwe na pembe nne tena. Ndipo ugeuze ukate kwa mchoro wa juu. Bila hivyo mbao itakuwa inacheza kwenye meza ya msumeno na vidole vyako viko karibu. Ukifungua selotepu, gari linatoka ndani ya mbao limeshapata umbo, na mimi kila mara hufurahi kama mara ya kwanza.

Kuchonga mabega ndiko kunakula muda. Kutoka taa ya mbele hadi mkiani kuna bega linalopita chini ya madirisha, na hilo likiwa na bonde hata dogo, gari zima linaonekana limegongwa. Nafanya kwa tupa bapa, kisha msasa namba 80 umeviringishwa kwenye kibao kirefu. Msasa usishike kwa vidole vitupu, vidole vinachimba. Halafu 120, 240, na 320 mwishoni.

Kukagua nakagua saa kumi na moja jioni. Naliweka gari kwenye kizingiti cha mlango wa karakana unaotazama magharibi, jua la Dodoma linakuja limelala, na kila bonde linatoa kivuli. Mchana wa saa saba huoni kitu, kila kitu ni cheupe. Taa ya umeme nayo inadanganya. Inama jicho liwe sawa na bega, fuata ile nuru inavyoteleza toka mbele kwenda nyuma. Inapokatika, weka alama ya penseli. Kesho asubuhi ndipo uguse msasa tena. Jioni hiyohiyo usiguse, maana jua linashuka haraka na utajikuta unafukuza kivuli.

Shimo la viti toboa kwa drili matundu mengi yenye kina cha sentimita 2.5, kisha safisha kwa patasi. Viti vinne, mbao laini yoyote, wala usihangaike sana navyo.

Milango chora kwa ncha ya kisu tu, lakini chora kwa usahihi: bawaba ziko nyuma, mlango unafungukia mbele. Vitasa viko upande wa mbele ya mlango, na hapo ndipo nimeona wachongaji wengi wakikosea kwa mazoea ya magari ya kawaida. Mlango wa namna hiyo unamwezesha mtu aliyevaa gauni refu au suti kutoka kwa kusimama na kupiga hatua mbele, badala ya kujipinda. Phantom ya 2003 ilikuwa nao kwa abiria wa nyuma, na 100EX ikaupeleka kwenye gari la milango miwili. Baadaye ukaenda kwa 101EX ya 2006, ambayo nayo ilizaa Phantom Coupé.

Sasa sitaha, na hapa nitakwenda polepole.

Pasua mtiki kuwa vibanzi vya upana wa milimita 4 na unene wa milimita 3. Msumeno utachoka mapema, kwa sababu mtiki una chembe kama za mchanga ndani yake zinazoua makali, kwa hiyo noa kabla na katikati ya kazi. Vaa barakoa. Vumbi la mtiki linawasha pua na koo, usilizoee.

Ukishapasua utaona vibanzi vina rangi tofauti, kimoja kijani kidogo, kimoja dhahabu, kingine kina michirizi myeusi. Usivitupe. Viweke juani siku tatu, geuza kila asubuhi, rangi zitakaribiana zenyewe. Kisha vipange mezani bila gundi, uvitazame kama mtu anayepanga kanga kwa jozi: michirizi ya kushoto iitikie ya kulia, kuanzia kibanzi cha katikati kwenda nje.

Kati ya kibanzi na kibanzi naweka ukanda mwembamba wa mpingo, unene wa karatasi ngumu, kuiga ile lami nyeusi inayoziba sitaha za mashua. Kama huna mpingo, karatasi ya manila nyeusi inafaa. Kabla ya gundi, chovya kitambaa kwenye thina na ufute kila uso utakaogundishwa, kisha gundisha ndani ya robo saa. Yale mafuta ya mtiki niliyoyasifu hapo juu ndiyo yanayokataa gundi, na usipoyafuta yatapanda tena. Gari langu la kwanza lilinifunza ukavu, la pili likanifunza thina.

Bana kwa klampu usiku mzima. Asubuhi piga randa kidogo kufuata mviringo wa mkia, halafu kata ukingo kwa kufuata shimo la viti. Mbao na mwili vikutane bila puti. Puti ikionekana hapo, toa sitaha nzima urudie. Nasema hivyo kwa sababu ufahari wote wa gari lile umekaa kwenye maungio: mbao inapokutana na metali, metali inapokutana na ngozi, na hakuna kitu kilichofichwa kwa kufunikwa. Kiwanda kilishika fikra hiyo kwa miaka. Dawn ya 2015 ilikuja na mbao nyuma ya viti, na Boat Tail ya 2021, ambayo jina lake lenyewe ni mkia wa mashua, ina sitaha nzima ya mbao inayofunguka kwa mabawa mawili. Ukimaliza 100EX, hiyo Boat Tail ndiyo kazi ya kujaribu inayofuata.

Boneti na fremu ya kioo cha mbele vimeachwa na rangi ya metali. Nakata kopo la soda kwa mkasi, nalinyoosha kwa kijiko juu ya kioo, nasugua maandishi yote kwa msasa. Kisha nachukua msasa wa maji namba 400 na kusugua kuelekea upande mmoja tu, toka kioo kwenda grili. Usirudishe mkono. Inua, rudi angani, sugua tena. Ukipeleka na kurudisha unapata mikwaruzo, ukipeleka tu unapata ule mng'ao wa hariri. Bandika kwa gundi ya mirija miwili, ukianzia katikati.

Tairi nakata kwa mpingo, unene sentimita 1.3, kipenyo 4. Katikati gonga pini ya shaba. Kwenye magari halisi herufi RR za katikati ya ringi hazizunguki na tairi, zinabaki zimesimama wima hata gari likitembea, kwa hiyo ukiziandika kwa kalamu ya wino, ziandike wima kwenye tairi zote nne. Grili nachonga kipande kimoja cha alumini nene toka kwa mafundi wa madirisha, na mifereji naichimba kwa msumeno wa chuma. Yule mwanamke wa juu ya boneti, aliyechongwa na Charles Sykes na kuanza kupanda magari hayo mwaka 1911, kwa kipimo hiki ana milimita chache tu. Mimi huweka kichwa cha msumari kilichopigwa tupa kikaegemea mbele. Inatosha, jicho linajua ni nani.

Mwili upake vanishi mara nne, ukipitisha msasa 320 kati ya moja na nyingine. Sitaha usiipake vanishi hata kidogo. Ipake mafuta ya kitani kwa kitambaa, subiri dakika kumi na tano, futa yaliyobaki mpaka mkono ukipita hautelezi. Rudia kesho na keshokutwa. Vile vitambaa vya mafuta usivikunje ukavitupia kwenye pipa la maranda, mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze kimoja kimoja kwenye kamba nje, viwe vigumu kama ubao, ndipo utupe. Gari nalo liache kivulini wiki nzima kabla ya kumpa mwenyewe, na mwambie kila mwaka mvua zinapoisha aifute sitaha kwa tone moja la mafuta yaleyale.